Kromu na Ukungu

Masereka, katika milima ya Lubero mashariki mwa Kongo, iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoamua namna tulivyopiga picha za gari la mfanyabiashara tuliyemwita Mzee, mwaka 1987. Jua la ikweta likishafika utosini, kila kinachong'aa hugeuka adui wa kamera: kromu inakuwa doa jeupe lisilo na umbo, na chini yake kivuli kizito ambacho filamu haiwezi kukipenya. Lakini asubuhi ukungu hupanda kutoka mabondeni, ukapita katikati ya mikalitusi, ukafunika mashamba ya viazi na puaro na kabichi, na kwa saa moja au mbili mwanga hutoka pande zote kwa pamoja, juu, kando, hata chini. Hakuna studio ya mji wa Butembo iliyowahi kuwa na taa kubwa namna hiyo.

Baba mdogo alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa na chumba chake cha picha Butembo, na siku za soko alipanda Masereka juu ya lori la mboga, likirudi tupu, akiwa na kamera kwenye begi la ngozi. Likizo za shule nilimfuata. Mimi nilibeba miguu mitatu ya kamera, ambayo seremala alikuwa amemchongea kwa mti wa mkalitusi, na ndoo ndogo ya vitu vyake: kitambaa cheusi, uzi, rula ya mwanafunzi, mipira iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Kazi yake ya kawaida ilikuwa nyuso. Picha za kitambulisho, komunyo ya kwanza, maharusi, mama aliyejifungua mapacha. Watu walilipa nusu siku ya kupigwa na nusu siku ya kupokea, na picha walizozitaka zilikuwa na mtu mzima-mzima, kuanzia kofia hadi viatu. Ukimkata mtu miguu, hakulipi ile nusu ya pili.

Kwa hiyo Mzee alipomwita na kumwambia anataka picha za gari lake, lakini si za gari zima, wala si zake akiwa ameegemea mlango, bali za vipande vyake vinavyong'aa, kimoja kimoja, watu waliokuwa barazani walicheka. Mmoja alisema, "Foto bila mtu ni ya kufanya nini?" Mzee hakumjibu. Alifungua mlango wa banda.

Lilikuwa Peugeot 403 ya rangi ya kijivu. Alilinunua mwaka 1960 kwa mkulima Mbelgiji aliyekuwa akiondoka haraka, wakati ambapo walowezi waliokuwa wakilima ngano na pareto katika milima ya Lubero walikuwa wanafunga masanduku. Mzee wakati huo alikuwa mfanyabiashara wa mboga aliyeanza na mizigo ya kubebwa kichwani. Gari hilo lilikuwa la kwanza katika ukoo wake, na kwa jinsi lilivyotunzwa ungedhani anatarajia kulirudisha siku moja kwa mwenyewe na likapimwa ukamilifu wake. Liliegeshwa juu ya mbao ili matairi yasiguse udongo wenye unyevu. Liliwashwa kila Jumapili, hata kama hakuna safari.

Na juu ya pua ya boneti, kwa mbele kabisa, alikuwepo simba.

Sisi watoto wa milimani simba hatukuwa tumemwona. Tulijua wapo Rwindi, upande wa kusini, ndani ya ile mbuga ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1925 na ambayo wakati wa Zaire tayari ilikuwa inaitwa Virunga. Lakini Rwindi ni uwanda wa joto, na Masereka watu huvaa makoti. Simba wetu alikuwa huyu wa chuma: kichwa mbele, manyoya ya shingo yamelazwa nyuma kana kwamba upepo wa safari ndio uliomchonga. Watoto wengi walitamani kumgusa, na aliyejaribu aliitwa kwa jina la baba yake.

Miaka mingi baadaye nilisoma asili yake, na nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Familia ya Peugeot, kabla ya kuunda gari hata moja, ilikuwa ikitengeneza misumeno mashariki mwa Ufaransa. Simba alichaguliwa kuwa alama ya msumeno: meno yake magumu, uti wake unaonyumbulika, kasi yake anaporuka. Alama hiyo ilisajiliwa mwaka 1858. Watu hao hao walitengeneza pia mashine za mkono za kusagia kahawa, tangu mwaka 1840, na kwetu sisi wa Beni na Butembo, ambao kahawa ndiyo iliyosomesha wengi wetu, hilo ni jambo la kuwafanya ndugu. Simba alifika juu ya boneti, akakaa hapo kwenye modeli ya 203 na kwenye 403 za mwanzo, hadi mwaka 1958, kampuni ilipomwondoa kwa sababu mtu akigongwa simba huyo ndiye anayemchoma kwanza. Gari la Mzee basi lilikuwa la kabla ya hapo. Yeye hakuwa na hati wala kitabu kilichomwambia hayo. Alijua tu kwamba 403 nyingine alizoziona Butembo zilikuwa na pua tupu, na akazihurumia.

Mapambo ya namna hiyo yalianza kama kazi. Kifuniko cha rejeta zamani kilikuwa nje, mbele ya dereva, na kwa kuwa jicho la dereva lilipita hapo kila wakati, wenye magari wakaanza kukipamba. Rolls-Royce wakamwagiza mchongaji Charles Sykes, naye mwaka 1911 akawapa yule mwanamke anayeinama mbele, nguo zake zikipeperuka kama mbawa. René Lalique wa Ufaransa alifinyanga mapambo ya gari kwa kioo. Baadaye rejeta ikafichwa chini ya boneti na kifuniko hakikuonekana tena, lakini sanamu ikabaki mahali pake. Mimi naipenda sana hali hiyo ya kitu kilichobaki baada ya sababu yake kuondoka.

Mzee alikuwa na sababu ya kutaka picha, na haikuwa ya kujionyesha. Gari lilikuwa linashuka Butembo kupakwa rangi upya, na ili lipakwe ilibidi kila kipande cha kromu kifunguliwe: simba, duara za taa, bampa, vishikio vya milango, michirizi ya ubavuni, ile namba 403 ya nyuma. Alikuwa amesikia habari za vipande vinavyoingia gereji na kutoka vingine. Alitaka kila kipande kipigwe picha yake ya kitambulisho, pamoja na makovu yake, na urefu wake uonekane. Ndiyo maana Baba mdogo aliweka rula kando ya kila pambo, ile rula yangu ya shule ya sentimita 30, yenye wino kwenye ncha moja.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, na nataka kuueleza vizuri, kwa sababu ustadi wa siku zile unasahaulika haraka.

Kamera ilikuwa Yashica ya macho mawili, moja juu ya jingine. Mpigaji haangalii mbele. Anainama na kutazama chini kwenye kioo, ambapo kushoto kumekuwa kulia. Jicho la juu ni la kuonea, la chini ndilo linalopiga. Filamu yake ni ile pana yenye picha 12 tu, na filamu ilitoka Kampala kupitia Kasindi, kwa bei ambayo ilipanda kila lori lilipokwama kwenye matope. Kamera ya namna hiyo haioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya kama mita moja, na simba mwenyewe alitosha kwenye kiganja cha mtu mzima. Kwa umbali wa mita moja angekuwa nukta.

Baba mdogo akamwomba Mzee miwani yake ya kusomea.

Kwanza aliipima. Alisimama mlangoni mwa banda, akashika karatasi nyeupe kwa mkono mmoja na miwani kwa mkono mwingine, akaisogeza mbele na nyuma mpaka kilima cha ng'ambo kikatokea kwenye karatasi, kidogo, kimepinduliwa, na mistari ya mashamba ikionekana. Akaniambia nipime kati ya kioo na karatasi. Ikawa nusu mita. Basi, akasema, kamera ikiwekwa tayari kwa vitu vya mbali, na kioo hiki kikiwa mbele yake, itaona wazi kitu kilicho nusu mita, si zaidi, si pungufu. Alifunga uzi kwenye kamera, akapiga fundo kwenye nusu mita, na uzi huo ukawa ndio macho yetu. Mimi kazi yangu ilikuwa kugusisha fundo kwenye shavu la simba, kisha kuuondoa uzi bila kutikisa kitu.

Nilisoma fizikia shuleni baadaye na nikaikuta kanuni hiyo ubaoni. Sikuhitaji kuikariri.

Kulikuwa na shida nyingine: ukiwa karibu hivyo, jicho la juu na la chini hayaoni kitu kile kile. Unampanga simba katikati, na picha inatoka amekatwa masikio. Kwa hiyo alifunga miwani kwa mpira wa baiskeli mbele ya jicho la juu, akapanga, akahamishia kioo jicho la chini, kisha akaingiza kipande cha ubao chini ya kamera, unene wake sawa na umbali wa macho yale mawili, ili jicho la chini lipande na kukaa pale pale lilipokuwa la juu. Alifanya hivyo kwa kila pambo, bila haraka, wakati Mzee asiye na miwani alisimama na orodha yake akimwomba mkewe amsomee kinachofuata.

Halafu kromu yenyewe. Kromu haina rangi yake. Inachukua ya jirani. Ukiipiga kando ya ukuta wa udongo inakuwa ya udongo, ukiipiga chini ya anga tupu inakuwa bluu, na mpigaji akisimama mbele yake anajikuta humo na kamera yake na miguu yake mitatu. Baba mdogo aliutaka ukungu kwa sababu hiyo. Tulilisukuma gari nje ya banda alfajiri, wanaume wanne na mimi, likakaa katikati ya weupe ule, na kila pindo la chuma likapokea mwanga laini uliopungua polepole kuelekea chini. Manyoya ya simba yalitengana unywele kwa unywele. Bampa, ambayo mchana ingekuwa mstari wa moto, ilionekana mviringo kama mkono wa mtu. Kwa upande wa chini alitandaza shuka jeupe kuficha matope, na shuka hilo alilitoa Mama, mke wa Mzee, la kitanda cha wageni.

Mama ndiye niliyemkumbuka zaidi kila nilipotazama picha zile. Mng'ao wa gari ulikuwa kazi yake. Alichekecha majivu kwenye kitambaa mpaka yakawa laini kama unga, akayachanganya na mafuta kidogo, akasugua kwa duara ndogo ndogo, miaka 27 mfululizo. Kromu ni utando mwembamba mno. Chini yake kuna nikeli, na mara nyingi chini ya nikeli shaba. Mgongoni mwa simba, mahali ambapo kidole gumba cha Mama kilikandamiza kila mara, utando ulikuwa umekwisha na wekundu wa shaba ulianza kuchungulia. Mzee alipaona kuwa ni dosari na akataka upande ule usionekane. Mama akasema hapana, pigeni hapo hapo, gereji wakileta mwingine huyo hatakuwa na alama yangu.

Baba mdogo alipapigia mahali hapo picha mbili, yeye ambaye alihesabu kila picha kama fedha. Ya kushoto na ya kulia.

Tangu siku hiyo nimeamini jambo moja kuhusu picha, na sijaliacha. Watu wa barazani walidhani picha bila mtu ni tupu. Lakini nimeona picha nyingi sana za watu walioegemea magari, za kwetu na za kwingine. Jean Depara alizipiga Kinshasa enzi za miaka ya hamsini na sitini, vijana na magari yao, nazo ni nzuri kupindukia. Ndani ya picha za namna hiyo gari ni kiti cha kifahari. Mtu ndiye anayesema. Katika picha ya mgongo wa simba wa Masereka hakuna uso, na hata hivyo naijua nguvu ya kidole cha mwanamke mmoja, upande aliosimama alipokuwa akisugua, na kwamba alitumia mkono wa kulia. Hakuna picha ya harusi inayoweza kuniambia hayo.

Filamu tuliisafisha Butembo, katika chumba kisicho na dirisha, gizani kabisa, kisha kwa kuchapa tukawasha taa ya mafuta iliyozungushiwa kioo chekundu. Kwa kuwa negativu za kamera ile ni pana, sentimita sita kwa sita, hatukuhitaji mashine ya kukuza: tulilaza negativu juu ya karatasi, tukafunika na kioo, tukahesabu. Vipande vya gari vilitokea kimoja baada ya kingine ndani ya beseni. Duara la taa lenye mbonyeo mdogo saa nne, kama ingekuwa saa. Kishikio cha mlango wa dereva, kimelika kwa ndani. Kofia ya gurudumu ilitushinda: humo tuliingia sote, Masereka nzima ikiwa imejikunja ndani ya duara, mikalitusi, watoto wameng'ang'ania uzio, Baba mdogo ameinama, mimi na uzi wangu. Alitaka kuitupa. Mzee alipoiona akailipia mara mbili.

Gari likaenda gereji na likarudi na rangi mpya. Mzee alikaa na picha zake barazani, akaanza kulinganisha. Duara moja la taa lilikuwa laini, halina mbonyeo. Alipanda lori kesho yake, akaweka picha juu ya meza ya fundi bila kusema neno, na duara lake likapatikana kwenye rafu ya nyuma. Baada ya hapo wenye pikipiki na wenye malori wa Masereka walianza kumwomba Baba mdogo awapigie namba za injini zao, na mmoja alileta cherehani. Alikubali zote. Nadhani zilimfurahisha kuliko maharusi, ingawa maharusi ndio waliotulisha.

Mzee alikuwa na tabia ya kumficha simba nyakati za hatari. Mwaka 1964, waasi waliojiita Simba walipoingia Butembo, alimfungua, akamviringisha ndani ya blanketi na kumzika katika ghala la viazi, akihofia kwamba watu wenye jina hilo wangemwona kuwa ni wao. Mwisho wa mwaka 1996, vita vilipopanda tena, Mzee alikuwa ameshafariki na Mama alikuwa mgonjwa. Hakukuwa na mtu wa kumfungua. Watu wenye bunduki walilisukuma gari mpaka barabarani, likateremka nao kwa kilomita chache, likaachwa mtaroni. Wiki iliyofuata halikuwa na milango. Simba hakuonekana tena, wala bampa, wala ile 403 ya nyuma. Bodi ilikatwa mabati ya kuezekea na mengine, naambiwa, yakawa karai za zege.

Negativu zilibaki kwangu, ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye punje za mchele wa kunyonya unyevu, kwa sababu Baba mdogo alipofunga chumba chake cha picha aliniachia kopo lile kwanza, na kamera baadaye. Unyevu wa Butembo umekula kingo za baadhi. Sehemu za katikati zimesalia.

Mjukuu wa Mzee ana duka la vipuri Butembo sasa. Milima ya Masereka na barabara zake amezijua kama mtu anayepita. Babu yake hakumkuta. Mwaka jana alinijia, akaniuliza kama ni kweli nina picha za simba, na kama anaweza kumfanya tena ili amweke juu ya mlango wa duka. Tulikwenda pamoja kwa wafua sufuria, wale wanaoyeyusha pistoni na vichwa vya injini vilivyokufa na kumimina alumini katika mchanga. Fundi alipangusa mikono, akazichukua chapa, akazigeuza kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Alisema kwa kawaida anakandamiza kitu chenyewe mchangani. Hapa itabidi kwanza amchonge kwa mti. Akauliza ukubwa. Nikamwonyesha rula, na akahesabu milimita kwa ncha ya msumari. Akaniuliza kama kuna picha ya upande wa pili, kwa sababu upande mmoja haumtoshi kuchonga. Nikampa ya kulia.

Alizitazama zote mbili kwa muda, kisha akauliza lile doa la mgongoni ni nini, na kama alichonge au aliache. Mjukuu akanitazama mimi. Nikamsimulia habari za Mama na majivu, naye fundi akachukua mkaa akaweka alama ndogo kwenye chapa, mahali kidole kilipokuwa, akasema hapo atapunguza kidogo kwa tupa.